Samaki Mkunje Angali Mbichi: Kwa Faida ya Nani?



Katika ukumbi tunaoukodi kila Jumamosi hapa mashariki ya London, watoto wetu husoma Qur'ani na Kiswahili asubuhi, na ikifika adhuhuri wazazi hubaki wakinywa chai. Baadhi yetu tuna watoto wenye usonji. Mwanzoni tulikuwa tukikaa pembeni, kila mmoja na lake. Siku hizi tunakaa pamoja, na mazungumzo yetu mengi ni ya miguu na mikono: nani ameweza kupanda ngazi, nani bado anatembea kwa ncha za vidole, nani amepata miadi ya fiziotherapia baada ya kungoja miezi mingi. Makala hii imezaliwa katika mazungumzo hayo, na hasa katika ugomvi mmoja ambao hadi leo haujaisha kati yetu.

Ugomvi ulianza hivi. Mama mmoja miongoni mwetu alimpeleka mwanawe wa miaka sita kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Mtaalamu akamwuliza swali ambalo wazazi huulizwa mwanzoni: mngependa mtoto afikie lengo gani? Mama akajibu bila kusita: "Awe kama wenzake. Aache kupiga-piga mikono kama ndege. Tuna harusi mwezi ujao." Mtaalamu hakuandika kitu. Akauliza tena: akipiga mikono, huumia? Humwumiza mtu? Mama akasema hapana. "Basi tutafute jambo linalomshinda yeye mwenyewe, ambalo akiliweza litamfaa." Wakaishia kuandika kwamba mtoto ajifunze kupanda ngazi za basi la ghorofa, mguu mmoja baada ya mwingine, bila kubebwa. Mama akarudi amekasirika. Alitwambia: "Nilikwenda na shida yangu, nikapewa nyengine."

Wengi wetu siku ile tulikuwa upande wake. Silaha yetu ilikuwa methali ambayo hakuna aliyelelewa kwa Kiswahili asiyeijua: samaki mkunje angali mbichi. Mtoto hurekebishwa mapema, akishakauka huvunjika. Si wataalamu wenyewe wanaosema kwamba msaada ukianza mapema ndiyo bora? Basi kwa nini mtu ambaye kazi yake ni viungo vya watoto akatae kunyoosha kile tunachokiona kimepinda?

Mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza, mtoto wa mvuvi wa Pemba, akatuuliza: "Na huyo samaki hukunjwa ili iweje?" Tukamjibu: ili aenee chunguni. "Na anayefaidika ni samaki?" Tukacheka, kisha tukanyamaza. Swali lake ndilo tunalotaka kulifikiri hapa pamoja nanyi. Tunapoufundisha mwili wa mtoto, tunamfundisha kwa faida ya nani?

Tuanze na yale yanayojulikana. Leo Kanner alipowaeleza watoto 11 kule Baltimore mwaka 1943, katika makala iliyoanzisha elimu ya usonji kama tunavyoijua, aligusia kwamba baadhi yao walikuwa wazito katika mwendo. Lakini macho ya wataalamu yalikwenda kwenye upweke na lugha, na mwili ukasahauliwa kwa miaka mingi. Mwaka 2020 mtafiti Anjana Bhat wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, alichapisha uchunguzi uliotokana na majibu ya wazazi wa watoto zaidi ya 16,000 wenye usonji, wa umri wa miaka 5 hadi 15. Takriban asilimia 87 walionekana kuwa katika hatari ya matatizo ya mwendo: kudaka mpira, kuruka, kuandika, kufuatanisha viungo. Waliokuwa wakipata fiziotherapia ni kama asilimia 32 tu.

Na liko jambo jengine la kutafakari. Katika kitabu cha vigezo wanachotumia madaktari wa Marekani, chapa ya mwaka 2013, miondoko ya kujirudia-rudia, kama kupiga mikono, imo katika orodha ya dalili za usonji. Kuyumba na kuanguka ngazini hakumo. Yaani linalovuta macho ya mtazamaji limeandikwa, na linalomtaabisha mtoto mwenyewe halikuwekwa kuwa kigezo. Tusimlaumu sana basi yule mama, maana hata vitabu huanza na kile kinachoonekana kutoka nje.

Kazi yenyewe ya fiziotherapia haina miujiza. Mtaalamu huanza kwa kutazama. Je, mtoto anaweza kuruka kwa miguu miwili pamoja? Anaweza kusimama kwa mguu mmoja bila kuyumba? Anapotupiwa mpira, mikono hufumba kwa wakati wake au mpira ukishapita? Kisha huchagua jambo moja na kulikata vipande vidogo, akalifundisha kipande kwa kipande. Hutumia picha zinazoonyesha kitakachofuata, kwa sababu watoto wengi wenye usonji hushika zaidi wanachokiona kuliko wanachoambiwa, na hutulia wakijua linalokuja. Hurudia, na tena hurudia, kwa njia ya mchezo. Mengine huachiwa nyumbani: kutembea juu ya mstari uliobandikwa sakafuni, kubeba mfuko mdogo wa mchele kutoka dukani, kutembea kwa mikono huku baba ameshika miguu. Haya hayaondoi usonji, na mtaalamu mwaminifu hatoi ahadi hiyo. Lakini mtoto aliyekuwa hawezi anaweza kufika mahali akaweza.

Na kuweza huko si jambo dogo. Sisi tuliokulia kwenye kombolela, kuruka kamba na mdako tunajua kwamba urafiki wa utotoni hupita mwilini kabla ya kupita mdomoni. Mtoto asiyeweza kudaka mpira haitwi mchezoni, na asiyeitwa mchezoni hukosa mahali pa kujifunzia maneno na mizaha ya wenzake. Yapo makubwa zaidi ya hayo. Kuzama majini ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto wenye usonji, kwani wengi hutoka nyumbani bila kuonekana na maji huwavuta. Kumfundisha mtoto huyo kuogelea ni kumlinda roho yake.

Kwa hiyo tunakataa kauli ya kwanza tunayoisikia sana, hasa kwenye simu kutoka nyumbani. Bibi husema: "Mwacheni mjukuu wangu, ndivyo Mungu alivyomuumba, atakua." Maneno hayo yana mapenzi, na yana kweli ndani yake. Lakini yakitumika kama sababu ya kukaa bure, yanakuwa dhuluma. Mtoto anayesimama chini ya ngazi akitazama juu hakuomba tumkubali akiwa pale chini. Anataka kupanda. Kumwacha kwa jina la kumpenda ni kumnyima.

Ila kauli ya pili, iliyokuwa yetu, ina hatari yake, na hatari yake ni kubwa zaidi kwa sababu inavaa nguo ya bidii. Katika miaka ya 1960, katika chuo kikuu cha California kilichopo Los Angeles, mwanasaikolojia Ole Ivar Lovaas na wenzake walitumia makofi, na katika baadhi ya majaribio hata umeme, kuzuia matendo ya watoto wenye usonji. Hawakuwa wakiwachukia watoto. Walikuwa na hakika kwamba wanawaokoa. Na mwaka 2011 mwandishi wa Kimarekani Julia Bascom, ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika makala iliyosomwa sana, "Quiet Hands", juu ya mikono ya watoto inayokandamizwa mezani ili itulie. Yeye na wengine wengi waliokua na usonji wanatueleza kwamba miondoko ile tunayoionea haya ina kazi: hutuliza, hupanga fikra, hueleza furaha ambayo ulimi haukuipata. Kumfunga mtu mikono hiyo ni kumziba mdomo.

Sasa tutajuaje mpaka uko wapi? Tulitaka mwanzoni orodha: hili lirekebishwe, lile liachwe. Haikuwezekana, maana tendo moja linaweza kuwa huku na kule. Tuchukue kutembea kwa ncha za vidole. Ukimkataza mtoto kwa sababu majirani wanacheka, hapo unamkunja samaki. Lakini mtoto akitembea hivyo miaka mingi, misuli ya shavu la mguu na ukano wa kisigino vinaweza kufupika, hata ikawa hawezi tena kuweka unyayo chini, na maumivu yakafuata. Mazoezi ya kunyoosha mguu huo ni ya kumfaa yeye. Zoezi ni lile lile na mguu ni ule ule, na mtu wa nje hawezi kuona tofauti.

Tofauti, tunavyoona sisi, hudhihirika siku mtoto anapokataa. Kila mtoto iko siku atakataa: atalala chini, ataziba masikio, atalia. Mzazi anayefanya kwa faida ya mtoto husimama hapo akauliza: pana maumivu? Pana kelele? Zoezi ni gumu mno, au leo amechoka? Hutafuta njia nyengine, hupumzika, hurudi kesho. Anayefanya kwa ajili ya macho ya watu hawezi kungoja, kwa kuwa harusi ina tarehe yake. Hushika mkono kwa nguvu. Na mtoto asiyesema kwa maneno hujifunza somo jengine kabisa: kwamba mwili wake si wake, na kwamba kukataa kwake hakuna maana. Somo hilo ni la hatari kwa mtoto yeyote, seuze mtoto asiyeweza kuja kutusimulia aliyotendewa.

Wengine wetu walipinga: mtoto mdogo anajua nini? Akikataa dawa ya homa tutamwachia? Hoja hii ina uzito, na hatusemi kwamba kila kukataa kutiiwe. Mtoto anayekimbilia barabarani hushikwa, na hakuna cha kushauriana. Tunachosema ni kwamba kukataa kwake kusikilizwe kama neno, na mwenye kulipita neno hilo awe na sababu ambayo angeweza kumweleza mtoto huyo atakapokuwa mtu mzima, bila kuinamisha uso. "Tulikushika usigongwe na gari" ni sababu. "Ulikuwa ukitutia aibu mbele ya wakwe" si sababu.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta msingi wa jambo hili. Watoto wetu wanaosoma Jumamosi hufundishwa mapema kwamba asiyeweza kusimama aswali ameketi, na asiyeweza kuketi aswali amelala ubavu. Ibada iliyo kubwa kuliko zote za mwili haikudai mwili mmoja kwa watu wote. Inamtaka kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Hakuna aliyewahi kusema kwamba swala ya aliyeketi ni ya aibu. Iweje basi mtoto akae mkekani kwa namna yake, au ale kwa kijiko kwa sababu vidole havishiki tonge, nasi tuone ametuvunjia heshima?

Tumeandika "sisi" tangu mwanzo wa makala hii, na hapa inatubidi tukiri maana yake. Mama yule hakuitunga ile aibu peke yake. Aliipata kwetu: kwa macho yetu ukumbini, kwa shangazi anayenong'ona, kwa mwaliko uliosema "njooni, lakini mdogo mwachieni mtu". Lengo alilompelekea mtaalamu tulilitunga sisi, yeye akatumwa tu kulifikisha. Tukitaka wazazi wachague malengo yanayowafaa watoto, kazi ya kwanza ni yetu tunaotazama.

Mtoto yule alichukua muda kuziweza ngazi. Walianza na kidato kimoja cha mlango wa nyuma, kisha vitatu, kisha ngazi za maktaba, na siku mbili tatu za kulala chini kabisa na kurudi nyumbani. Wiki chache zilizopita alipanda basi la ghorofa na mama yake, akashika chuma, akapanda mguu mmoja baada ya mwingine mpaka juu. Alikaa kiti cha mbele kabisa, penye kioo kikubwa, London yote imetandazwa chini yake. Na alipoketi, mama anatwambia, akaanza kupiga mikono.

Tulimwuliza alifanya nini. Akasema watu waligeuka kutazama, na yeye alitaka kumshika mikono kama kawaida yake, halafu hakumshika. Bado hakubaliani na sisi sote. Anasema sisi ni wepesi wa kuandika, lakini harusini anayekaa na mtoto ni yeye peke yake. Ana haki. Harusi nyengine iko mwezi ujao, na baadhi yetu tumeahidi kukaa meza moja naye.