Anayelipa Karo Ana Haki ya Kuchagua?

Swali ninalolijadili katika insha hii ni fupi, lakini limewagawa watu wengi ninaowaheshimu: mtu anapomlipia karo kijana asiye na uwezo ili asomee ufundi, je, malipo hayo yanampa haki ya kumchagulia ufundi wenyewe? Wapo wanaoliona kuwa swali la anasa. Mwenye njaa, wanasema, haulizwi anapenda mboga gani. Kiswahili chenyewe kinaonekana kuwaunga mkono, maana kina methali isemayo kwamba mla cha uvunguni sharti ainame. Mimi nadai kwamba kuinama ni jambo moja na kuinamishwa ni jambo jingine.

Kwanza nieleze hali ilivyo kwetu Uganda, kwa sababu wasomaji wa Kenya na Tanzania wana mifumo yao. Kijana akimaliza kidato cha nne huwa na njia mbili kubwa. Ama ataendelea na kidato cha tano na cha sita akielekea chuo kikuu, ama ataingia taasisi ya ufundi na kusoma miaka miwili apate cheti. Tangu mwaka 2007 serikali ina mpango wa elimu ya sekondari kwa wote, lakini anayetoka nyumba maskini anajua kwamba karo ni sehemu tu ya gharama. Kuna sare, chakula, nauli, na kwa mwanafunzi wa ufundi kuna ovaroli, viatu vigumu, vifaa vya mazoezi, na miezi ya mafunzo kazini ambayo mara nyingi hailipwi. Hapo ndipo mfadhili anapoingia: kanisa, msikiti, mjomba aliyeko ng'ambo, au shirika linalomjua mtoto kwa picha yake tu.

Mimi mwenyewe nimo katika kikundi kidogo cha aina hiyo. Tuko wanafunzi 15 wa Makerere tunaotoka wilaya moja mashariki mwa nchi. Kila mmoja anachanga shilingi 10,000 kwa mwezi, na kwa fedha hizo tunawasaidia vijana wawili wa nyumbani. Mwaka jana tuliandika fomu ya maombi. Kifungu cha tatu kinasema: "Kozi itaamuliwa na kamati." Nilikipinga, nikashindwa kwa kura 11 dhidi ya 4. Msomaji atambue basi kwamba anasoma maneno ya mtu aliyeshindwa kura na ambaye bado hajanyamaza.

Hoja za wenzangu si dhaifu. Wanasema fedha ni chache, na kijana wa miaka 17 hajui soko la kazi. Sisi tunaoishi Kampala tunaona ni mafundi gani wanaotafutwa na ni wangapi wanaokaa kivulini wakisubiri mteja. Tukiwaacha vijana wachague, wote watataka kompyuta. Hoja iliyonishughulisha zaidi ilitolewa na dada mmoja katika kamati, anayesomea uhandisi. Alisema kwamba ukimwuliza msichana wa kijijini kwetu anataka kujifunza nini, atasema ushonaji au ususi, kwa sababu hajawahi kumwona mwanamke akipanda ngazi kuunganisha nyaya za umeme. "Huo unaouita uchaguzi wake," aliniambia, "umeshachaguliwa na kijiji kizima kabla yake. Kwa nini kijiji kiruhusiwe na sisi tukatazwe?"

Sikuwa na jibu siku ile. Jibu nililo nalo sasa ni kwamba dada yule alithibitisha kuwa uchaguzi wa msichana ni mwembamba, lakini hakuthibitisha kuwa inafaa kuuondoa. Dawa ya uchaguzi mwembamba ni kuupanua. Mlete Kampala kwa siku tano katika likizo, alale kwa dada huyohuyo, umtembeze kwenye karakana ya umeme, ya mabomba, ya kutengeneza majokofu, azungumze na wanawake wanaofanya kazi hizo na awaulize wanalipwa nini na wanasumbuliwa na nani. Gharama yake ni nauli na chakula. Akirudi na bado akasema ushonaji, basi ni ushonaji. Kama hatuko tayari kulisikia jibu hilo, hatukuwa tunamwelimisha. Tulikuwa tukimsubiri akubaliane nasi.

Kuna historia ambayo hatuwezi kuiruka, hasa sisi wa Makerere. Chuo hiki kilifunguliwa mwaka 1922 kikiwa shule ya ufundi, na wanafunzi wake 14 wa kwanza walikuja kujifunza useremala, ujenzi na umakanika. Miaka miwili baadaye tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones na ikiwa na James Aggrey wa Gold Coast kama mjumbe. Ilipendekeza elimu iliyolinganishwa na mazingira ya Mwafrika: kilimo, afya, kazi za mikono. Vielelezo vyake vilikuwa Hampton na Tuskegee, shule za watu weusi kusini mwa Marekani. Huko Marekani kwenyewe W. E. B. Du Bois alikuwa amekwisha kubishana na Booker T. Washington, aliyeiongoza Tuskegee tangu mwaka 1881. Du Bois hakuudharau useremala. Alichokataa ni kwamba mtu mweusi afunguliwe mlango huo mmoja, na wanaoufungua wawe watu ambao watoto wao wanapita mlango mwingine.

Makerere ilipanda ngazi, ikaanza kutayarisha wanafunzi kwa shahada za London mwaka 1949, ikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970, na leo ni wachache kati yetu wanaokumbuka kwamba babu yetu wa kielimu ni seremala. Watu husema vijana wa Afrika wanaukimbia ufundi kwa sababu ya kiburi cha kola nyeupe. Philip Foster, aliyechunguza elimu nchini Ghana, aliipinga kauli hiyo katika makala yake ya mwaka 1965: wanafunzi waliifuata elimu ya vitabu kwa sababu ndiyo iliyowapeleka kwenye kazi zenye mshahara mzuri. Hawakuwa wajinga, walikuwa wamepiga hesabu. Naliona hilo kuwa muhimu kwa mjadala wetu, kwa sababu hoja ya kamati inaanza kwa kudhani kwamba kijana maskini hawezi kupiga hesabu.

Kwa hiyo nina kipimo changu, nacho ni chepesi. Niliwauliza wenzangu ni nani kati yao angemjazia mdogo wake wa tumbo moja fomu ya kozi bila kumwuliza. Mmoja alisema baba yake ndivyo alivyomfanyia, ndiyo maana anasomea biashara. Tulicheka, lakini hakuna aliyesema kwamba alifurahi kufanyiwa hivyo.

Nitoe mfano unaonitatiza mimi mwenyewe, kwa sababu mjadala usio na mfano mgumu ni mahubiri. Binamu yangu alilipiwa na mfadhili wa ng'ambo kupitia shirika moja. Alitaka umeme. Shirika lilikuwa limejenga karakana ya kuchomelea vyuma, wafadhili walikuwa wanakuja kuizindua, na nafasi zilikuwa hazijajaa. Akawekwa huko. Leo anachomelea milango na madirisha Katwe, ana vijana wawili wanaojifunza chini yake, amemjengea mama yake nyumba ya vyumba vitatu. Mwezi ukiwa mzuri anapata fedha ambazo mimi, nikibahatika kuajiriwa ualimu, nitazisikia tu. Mwenyekiti wetu anaupenda sana mfano huu. Kwake unamaliza ubishi.

Nilimwendea binamu nikamwuliza kama angeweza kurudi nyuma angekubali tena. Alifikiri, akasema: "Ndugu yangu, kazi hii naipenda. Lakini naipenda kama mtu anavyompenda mke aliyetafutiwa na wazee. Mapenzi yapo. Ila usiniambie nilimchagua." Kisha akashusha kinga ya uso, akaendelea na mlango wake, kwa kuwa mwenye mlango alikuwa amesimama hapo akitazama saa.

Jibu hilo linatenganisha mambo mawili tunayoyachanganya. Ndoa nyingi za kutafutiwa zimekuwa ndoa njema, na bado hakuna anayesema kwamba mtu asiulizwe. Wema wa matokeo hauwezi kurudi nyuma na kuufanya uamuzi uwe wa haki. Kant alifundisha kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama njia tu ya kufikia lengo la mwingine. Neno "tu" hapo lina uzito. Shirika lile lilimsaidia binamu yangu, sikatai. Lakini siku ile alipoandikishwa, alihitajiwa ili karakana ijae kabla wageni hawajafika. Kama wageni wangekuja kuzindua jiko la kuoka mikate, leo angekuwa mwoka mikate, na mwenyekiti wetu angekuwa anausifu mkate wake.

Suala la shukrani nalo linatokana na swali hilihili. Binamu aliandika barua tatu kila mwaka kwa Kiingereza, akinakili maneno yaliyoandikwa ubaoni na mratibu. Karo iliisha zamani. Barua zilipoisha alijiona mtoro. Hapa nafikiri mkopo una heshima ambayo zawadi inaweza kuikosa. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, inamwambia mwanafunzi kiasi anachodaiwa. Deni lenye tarakimu lina siku ya mwisho. Deni la fadhila halina tarakimu, kwa hiyo anayedai anaweza kuendelea kudai: barua, picha, ushuhuda mbele ya wageni, kozi anayoitaka yeye.

Sisemi tugeuze misaada yote iwe mikopo. Kipato cha fundi anayeanza hupanda na kushuka, na kumdai kila mwezi ni kumvunja mgongo. Nimesoma kuhusu Musa bin Maimun, mwanazuoni wa Kiyahudi aliyeandika nchini Misri katika karne ya 12, ambaye alipanga sadaka katika ngazi nane. Ngazi ya juu kabisa ni kumwezesha mtu asihitaji tena kuomba, na humo aliweka pamoja zawadi, mkopo, ubia, na kumpatia mtu kazi. Ngazi inayofuata ni ile ambayo mtoaji na mpokeaji hawajuani. Kwa mpango huo, anayemlipia kijana mafunzo ya kazi amesimama juu kabisa. Lakini nilichokipenda zaidi ni neno "ubia". Mbia huulizwa. Huwezi kuingia ubia na mtu halafu umjulishe baadaye biashara ni ya nini.

Mwenzangu mmoja aliyepitia rasimu ya insha hii aliniambia nakuza jambo: kuna vijana wengi wasio na mfadhili hata wa kuwachagulia vibaya. Ni kweli, na ningekuwa mbele ya mama asiye na karo ningemshauri akubali fomu yoyote. Ushauri kwa anayepokea, hata hivyo, hauwi ruhusa kwa anayetoa. Mnunuzi anaweza kulipa bei ya kuruka wakati wa njaa, naye afanye vema kulipa. Aliyepandisha bei bado ana la kujibu.

Limebaki jambo la vifaa, ambalo wafadhili wengi hulipita haraka. Ufadhili hukoma siku ya cheti. Kijana anatoka na karatasi, bila mashine ya kuchomelea, bila ya kukatia chuma, bila hata miwani ya kuyakinga macho yake. Anakuwa kibarua kwenye karakana ya mwingine, akilipwa kwa siku, na ujuzi wake unampa faida mwenye mashine. Nimependekeza kwamba fedha tunazotumia kwa sherehe ya kuhitimu, pamoja na mchango wa miezi miwili ya mwisho, zinunue sanduku la vifaa, na vifaa viwe mali yake moja kwa moja. Mwenyekiti alitaka tuandike kwamba akiacha ufundi huo avirudishe. Nilimkumbusha kwamba mpewa hapokonyeki. Akiviuza akanunua cherehani, amenunua cherehani.

Pendekezo la sanduku limekubaliwa bila sharti la kurudisha. Kifungu cha tatu kitapigiwa kura tena muhula ujao. Dada yule wa uhandisi amesema atamkaribisha msichana kwa siku tano, lakini kura yake hajaniahidi. Hadi sasa ninazo 6.