Sura ya Adui

Likizo moja wajukuu zangu wawili waligombana sebuleni hata nikalazimika kuweka gazeti chini. Nilidhani wanagombea chakula, kumbe ugomvi ulikuwa juu ya mtu ambaye hawajapata kumwona na ambaye hajui kama wao wapo duniani. Julai 2024, katika mkutano wa mashabiki mjini San Diego, watengenezaji wa sinema wa Marekani walitangaza kwamba nafasi ya adui mkuu katika filamu yao ijayo ya mashujaa, yule aitwaye Doctor Doom, itachezwa na Robert Downey Jr. Bwana huyu ndiye aliyekuwa Iron Man, shujaa wao, tangu 2008 hadi 2019, na shujaa huyo alipokufa katika filamu ya mwisho watoto wengi walilia, wa kwangu wakiwamo. Jukwaani walipangwa watu waliovaa majoho ya kijani na vinyago. Mmoja akavua kinyago, na nyuma yake ikatokea sura ile ile waliyoipenda.

"Haiwezekani," alisema mkubwa. "Yule ni steringi. Steringi hawezi kuwa adui."

Mdogo alijibu kwamba ndiyo maana itapendeza. Basi wakaanza kutajiana waigizaji wengine ambao, kwa maoni yao, wangefaa zaidi: huyu ana macho makali, yule ana taya kama shoka, na mwingine ukimtazama tu unajua si mtu mwema. Waliponigeukia niwe mwamuzi wao, "Babu, wewe unasemaje?", niliwaambia waende wakaoge.

Lakini swali lao lilinikaa kichwani, nalo halijanitoka mpaka leo. Tunaposema kwamba fulani "anafaa kuwa adui", tumeona nini kwake? Tumeuona ustadi wake wa kuigiza, au tumeuona ubaya tuliokuja nao wenyewe machoni mwetu, tukatafuta uso wa kuutundika?

Mashabiki wa sinema wana rekodi mbaya katika jambo hili. Mwaka 2006 ilipotangazwa kwamba Heath Ledger, kijana wa Australia, ataigiza Joker, adui wa Batman, wengi walicheka na wengine wakakasirika. Walimzoea katika nafasi za vijana wazuri wenye mapenzi. Wapi na wapi, sura ile na uovu ule? Filamu ilitoka Julai 2008. Ledger mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, Januari 22 ya mwaka ule ule, akiwa na miaka 28 tu, na tuzo ya Oscar ilipotolewa Februari 2009 waliopanda jukwaani kuipokea ni wazazi wake na dada yake. Waliocheka walinyamaza. Sidhani kama walijifunza, kwa kuwa kila inapotangazwa filamu mpya wanarudia mchezo wao, na wajukuu zangu pamoja nao.

Tena huyo Joker ana asili inayostahili kutafakariwa. Alipozaliwa katika vitabu vya picha mwaka 1940, kicheko chake cha kutisha kilitokana na picha ya Conrad Veidt, mwigizaji wa Kijerumani, katika filamu ya 1928 iliyotungwa kutokana na riwaya ya Victor Hugo juu ya mtu aliyekatwa mdomo utotoni ili aonekane anacheka daima. Sasa, msomaji, mtu yule katika riwaya ya Hugo hakuwa mwovu hata kidogo. Alikuwa mtu mwema aliyetendewa uovu. Wengine walimharibu sura, na miaka mingi baadaye wengine tena wakaichukua sura hiyo hiyo wakaifanya alama ya ubaya. Aliyedhulumiwa akageuzwa jambazi kwa sababu ya makovu ya dhuluma yenyewe.

Naye Veidt? Mkewe alikuwa Myahudi, na mwaka 1933, Hitler alipotwaa madaraka, waliondoka Ujerumani. Huko Marekani mtu huyu aliyewachukia Wanazi aliishia kupewa nafasi za Wanazi, na anayekumbukwa zaidi ni yule afisa wa Kijerumani katika Casablanca ya 1942. Mwenzake Werner Krauss, waliyecheza naye katika sinema maarufu ya mwaka 1920, alibaki kwao. Mwaka 1943 Krauss aliigiza Shylock mjini Vienna kwa namna ya kuwachochea watazamaji wawachukie Wayahudi, wakati ambapo Wayahudi walikuwa wakiuawa kwa mamilioni. Waigizaji wawili wa filamu moja: mmoja aliuvaa uovu ili watu waukatae, mwingine aliuvaa ili watu wawaone majirani zao kuwa waovu. Ukiwatazama katika picha za zamani huwezi kujua nani ni nani.

Nikiwaza hayo nakumbuka wazee wetu walivyokuwa wakisimulia. Kisa cha binti aliyekataa wachumba wote, akamkubali mgeni mzuri kuliko vijana wote wa kijiji, kisha akagundua amekwisha olewa na zimwi, hukisikia kwa namna mbalimbali karibu kila upande wa Afrika Mashariki. Mtambaji wa ngano alimpa adui sura nzuri kupita zote. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sisemi kwamba ngano zetu hazina fisi na mazimwi ya kutisha, maana wanyama hawa tumewaonea vya kutosha, lakini yule bibi aliyetusimulia karibu na moto alikuwa na akili kuliko mtengenezaji wa sinema ambaye, akitaka tumjue adui mapema, humchora kovu shavuni. Huko Uingereza jambo hili lilifikia hatua ya kulalamikiwa na wenye makovu wenyewe, na Novemba 2018 taasisi ya filamu ya nchi ile, British Film Institute, ikatangaza kwamba haitagharimia tena filamu ambazo uovu wa adui unaonyeshwa kwa makovu ya uso.

Kuna watakaosema, kama mjukuu wangu mdogo alivyosema baadaye, "Lakini Babu, ni mchezo tu." Ningependa kukubaliana naye. Mchezo una haki yake, na mtu mzima anayekwenda sinema akiwa na orodha ya makosa mfukoni ni mtu wa kuchosha. Ila sisi tuliokaa nchi hii miaka mingi tumeona mchezo huo ukichezwa pasipo jukwaa. Usukumani na kwingineko vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu walikuwa na macho mekundu, na macho mekundu ni ya mchawi. Bibi aliyepika miaka 50 kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe, moshi ukimwingia machoni asubuhi na jioni ili watoto wale, alilipwa hivyo. Waliomnyooshea kidole hawakuwa na ushahidi mwingine. Walikuwa wamekwisha amua adui ana sura gani, wakatafuta mwenye kuifanana. Tofauti na Robert Downey ni kwamba bibi hakuwa na kinyago cha kuvua.

Naweza kuyasema haya kwa ukali kwa sababu ya jambo ambalo sijapata kumsimulia mtu.

Mwaka 1981 nilikuwa mkufunzi wa Kiswahili katika chuo kimoja cha ualimu. Tuliamua wanachuo waigize Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Tulikaa wakufunzi watatu kugawa nafasi. Kila mwanachuo aliyeomba tulimsomesha kwa sauti, tukajadiliana juu ya matamshi yake na namna anavyosimama, jioni tatu mfululizo. Nafasi ya Shylock haikutuchukua hata dakika tano. Palikuwa na kijana mmoja mwenye kovu la moto lililoanzia chini ya jicho la kushoto hadi kidevuni, alilolipata utotoni alipoangukia mafiga. Mmoja wetu alilitaja jina lake, tukatazamana, tukacheka kidogo, mimi nikaandika. Hakuwa ameomba nafasi yoyote.

Siku ya pili alinifuata nje ya darasa.

"Samahani Mwalimu, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Wenzangu wote walisomeshwa kwanza. Mimi mbona sikusomeshwa?"

Nilimwambia ana sauti nzuri ya jukwaani. Alikuwa mtu wa kukaa nyuma, na sikumbuki kama nilikuwa nimemsikia akisema darasani zaidi ya mara mbili. Alinitazama kitambo, akasema, "Ahsante Mwalimu," akaenda zake.

Aliigiza vizuri mno. Ilipofika mahali Shylock anapouliza kama Myahudi hana macho na mikono kama watu wengine, ukumbi ulinyamaza, na mimi niliyeketi mstari wa mbele nilitazama viatu vyangu. Nilijipa moyo kwamba tulichagua vyema. Nataka nilikiri hili pia: kule kufaulu kwake kulinipa mahali pa kujificha. Kosa likizaa matunda mazuri hukoma kuonekana kosa, na aliyelitenda huwa mtu wa kwanza kulisahau.

Tangu usiku ule hakuitwa tena kwa jina lake. Bwaloni wenzake walimpigia kelele alete mizani wapime ratili ya nyama. Alipokwenda mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi ya jirani, jina lilimtangulia, na watoto wa darasa la nne, ambao hawajui Venisi ni kitu gani, walilipokea kwa furaha. Mimi ndiye niliyekwenda kumkagua. Nililisikia jina lile likisemwa kwa kunong'ona madawati ya nyuma alipogeuka kuandika ubaoni. Mkono wake ulisimama kidogo, ukaendelea. Katika fomu niliandika kwamba aboreshe nidhamu ya darasa.

Nilimwona tena baada ya zaidi ya miaka 20, katika kikao cha wakuu wa vyuo na maofisa wa elimu. Alikuwa amepanda cheo, amevaa suti, mvi zimeanza. Alinyanyuka upande wa pili wa ukumbi, akaja moja kwa moja.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Hujambo baba?"

Nilikuwa na neno la kumwambia. Nilikuwa nalo miaka yote hiyo, nalo halikuwa refu. Lakini alikuwa amekwisha nishika mkono na kuwageukia wenzake.

"Jamani, huyu ndiye mwalimu wangu. Ndiye aliyegundua kwamba nina sauti ya jukwaani."

Alitabasamu. Kovu lile lilikuwa likivuta upande mmoja wa mdomo wake tangu nilipomjua, kwa hiyo tabasamu lake sikuwahi kuweza kulisoma, na siku ile sikuliweza. Watu wakapiga makofi, nami nikainamisha kichwa kama mtu anayeshukuru.