Je, Yafaa Mtu Kulipwa kwa Mchezo?

Wasomaji wetu wa Pongwe na wa sharika za jirani wametuuliza mara nyingi neno hili: Kijana akiwa hodari wa mpira, na klabu ikataka kumpa mshahara ili aache jembe au kiwanda na kucheza tu, je, yafaa aupokee? Wazee wengine hujibu kwamba haifai kabisa, maana mchezo ni mchezo na kazi ni kazi. Vijana nao hututajia habari za Mbwana Samatta, aliyetoka Simba mwaka 2011 kwenda TP Mazembe ya Kongo, akaenda Genk ya Ubelgiji mwaka 2016, na mwaka 2020 akachezea Aston Villa huko Uingereza. Hao hawaulizi kama yafaa. Huuliza njia iko wapi.

Si vema kukata shauri hili upesi. Twaona afadhali kuwatazama kwanza watu waliotutangulia katika njia hiyo, yaani Wamarekani na mchezo wao wa besiboli, ambao mtu hupiga mpira kwa gongo, kisha hukimbia kuvizunguka vituo vinne. Mashaka haya yetu waliyaona wao zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Hapo mwanzo vyama vya mchezo huo vilikuwa vya watu wenye nafasi, kama makarani na wafanya biashara wa New York. Mwaka 1857 walikutana wakaanza kuunda chama kimoja kikubwa, na kanuni zao zikamkataza mchezaji kupokea fedha. Walisema mchezo uchezwe kwa heshima tu. Neno hilo lapendeza masikioni. Lakini mwenye duka aweza kulifunga saa tisa akaenda kiwanjani; mchukuzi wa bandarini akiacha mizigo saa tisa, watoto wake watalala na njaa. Basi kanuni ile ya heshima ilikuwa pia boma la kuwazuia maskini wasiingie. Tena mwaka 1867 chama hicho hicho kilikataa kuvipokea vyama vya watu weusi. Kwa hiyo anayetuambia kwamba mchezo ulikuwa safi kabla ya fedha kuingia, na atuonyeshe kwanza ni nani waliokuwa nje ya ua.

Mwaka 1862 bwana mmoja wa Brooklyn, William Cammeyer, alikizungushia ukuta kiwanja, akawatoza watazamaji senti 10 mlangoni. Fedha ikiisha kuingia mlangoni, haikosi kutafuta mahali pa kwenda. Klabu zikaanza kuwapa fedha wachezaji hodari kwa siri, huku kanuni ikiendelea kusomwa mikutanoni. Wachezaji wa klabu ya Nationals ya Washington waliandikwa kuwa makarani wa serikali. Mmoja wao, George Wright, katika mwaka 1867 aliandikwa kuwa ni karani wa mahali fulani mjini. Na mtu akienda kupatafuta hapo, akuta bustani ya watu wote, hapana ofisi wala meza.

Twaweza kucheka, lakini jambo la namna hii si geni kwetu. Katika nchi yetu kwa miaka mingi mpira uliitwa wa ridhaa, na huku mtu aliandikwa kazi ya reli, au ya bandari, au ya jeshi, kwa sababu ya miguu yake. (Hata hivyo haki isemwe: wengi wao walifanya kazi kwelikweli, na uzee wao una pensheni, kitu ambacho wachezaji wengi wa leo hawanacho.) Ubaya haukuwa katika kupokea fedha. Ubaya ulikuwa kwamba watu wazima walifundishwa kuandika uongo katika vitabu, na vijana wakaona.

Mwaka 1869 Harry Wright, ndugu yake George, aliliondoa pazia. Timu yake ya Cincinnati ililipwa yote waziwazi, watu kumi, na jumla ya mishahara yao ilikuwa dola 9,300. Walishinda michezo 57 pasipo kushindwa hata mmoja. Gharama zote zilipokwisha kulipwa, faida iliyobaki kwa klabu ilikuwa dola 1 na senti 39! Na katika wale kumi, mzaliwa wa Cincinnati alikuwa mmoja tu.

Neno hili la mwisho latugusa watu wa Tanga. African Sports iliyoanzishwa mwaka 1936, na Coastal Union iliyoanzishwa mwaka 1948, mtu alizipenda kwa sababu mchezaji alikuwa mtoto wa jirani. Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1988, watu waliona kwamba Tanga yenyewe imeshinda. Mshahara ukiwa ndio unaoamua, mtoto wa jirani atakwenda Dar es Salaam, na mgeni atavaa jezi yetu. Hiyo ni hasara, wala hatutaificha. Lakini hasara si dhambi. Mpiga zumari hutuzwa arusini, na hakuna anayemwambia kwamba ameuza furaha ya watu. Mvuvi apendaye bahari huuza samaki wake asubuhi. Kwa nini tumlaumu mwenye mpira peke yake?

Walakini fedha huja na majaribu yake. Mwaka 1877 klabu ya Louisville ilikuwa mbele ya wenzake wote, kisha ikaanza kushindwa ovyo. Simu za maandishi zilipochunguzwa, ikajulikana kwamba wacheza kamari wamewanunua wachezaji. Wawili wakaungama, na wanne wakafukuzwa milele. Mmoja wao alikuwa Jim Devlin, aliyekuwa mrusha mpira katika kila mchezo wa klabu yake mwaka ule. Husimuliwa kwamba alikwenda kwa mkuu wa ligi, William Hulbert, hali amevaa matambara, akamsihi. Hulbert akalia, akampa dola 50 zake mwenyewe, na hukumu hakuibadili. Devlin akawa polisi huko Philadelphia, akafa mwaka 1883. Sisi twaona Hulbert alihukumu sawasawa. Lakini twamwuliza kila mwenye klabu: wewe unayemwahidi kijana mshahara, kisha miezi mitatu humpi kitu, wadhani ni nani atakayemfikia kwanza? Waraka wa Yakobo unanena kwa ukali juu ya ujira uliozuiliwa, wala haukuwatoa wachezaji wa mpira katika hesabu ya wafanya kazi.

Kubwa kuliko hayo lilikuja mwaka 1879. Wenye klabu walipatana kwa siri kwamba kila klabu itaweka alama juu ya wachezaji watano, na klabu nyingine yo yote isiwaajiri. Baadaye fungo hilo likawakamata karibu wote. Mkataba wa mtu ulikwisha, yeye hakwisha. Alikuwa bado wa klabu. Mchezaji mmoja aliyesoma sheria, John Montgomery Ward, aliandika mwaka 1887 akiuliza kama mcheza mpira ni mali ya mtu. Fungo hilo halikuvunjwa mpaka Desemba 1975.

Katika nchi hii ya mkonge, neno hilo halihitaji kufasiriwa sana. Mwaka 1907 huko Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, serikali ya Wajerumani iliwagawia watu kadi, kila mtu afanye kazi siku 30 kwa mabwana mashamba katika kila miezi minne. Baadaye babu zetu walijua maana ya kipande kisichojaa. Mshahara ulikuwapo, ruhusa ya kuondoka ndiyo iliyokuwa taabu.

Basi mzazi akiletewa karatasi ya klabu, asianze kuuliza ni shilingi ngapi. Na aulize: imeandikwa kwa lugha ambayo mwanangu aisoma? Ni ya miaka mingapi? Akivunjika mguu, nani atamtibu, na mshahara utaendelea? Miaka ikiisha, atakwenda atakako, au atangoja kuachiliwa? Na nakala moja ibaki nyumbani, sandukuni. Walimu wa sharika wanaojua kusoma mikataba wasione haya kuketi na jamaa hizo jioni moja, kabla kalamu haijashikwa.