Mbuzi Hajitolei

Jumapili hii, tarehe 7 Desemba 2025, saa kumi jioni kwa saa za Nairobi, magari 20 yataanza mbio za mwisho za msimu wa Formula 1 pale Yas Marina, Abu Dhabi. Mizunguko 58, kila mmoja kilomita 5.281, jua likizama katikati ya shughuli. Madereva watatu bado wanaweza kuwa bingwa wa dunia. Lando Norris ana pointi 408. Max Verstappen ana 396. Oscar Piastri ana 392. Norris na Piastri ni wa timu moja, McLaren, na hapo ndipo shida yangu inaanzia.

Hesabu kwanza, kwa wale ambao hukutana na huu mchezo kwenye TikTok pekee. Mshindi hupata pointi 25, wa pili 18, wa tatu 15, wa nne 12. Norris akimaliza ndani ya tatu bora, mambo kwisha, hata Verstappen ashinde vipi. Akiwa wa nne na Verstappen ashinde, taji linaenda kwa Verstappen, 421 kwa 420. Pointi moja, baada ya miezi tisa ya kuzunguka dunia. Piastri naye kimsingi anahitaji kushinda, halafu aombe Norris amalize wa sita au nyuma zaidi. Si rahisi. Lakini inawezekana, na sitaki mtu aliruke hilo neno.

Sasa chukua mfano. Mzunguko wa 57, Verstappen anaongoza, Piastri ni wa tatu, Norris anamfuata akiwa wa nne. Wakibaki hivyo Verstappen ni bingwa. Wakibadilishana, Norris ni bingwa. Piastri mwenyewe hana lake tena. Hapo sioni swali lolote la maadili, ampishe tu, asipompisha ni roho mbaya. Rudisha saa nyuma hadi mzunguko wa 20. Piastri ni wa pili, anamfukuza Verstappen, na Norris amekwama nyuma kwenye msongamano. Timu inataka Piastri apunguze mwendo ili mwenzake asogee. Bado kuna mizunguko 38, na katika mizunguko 38 injini hufa, tairi hupasuka, watu hugongana. Ama rudi nyuma zaidi, hadi Jumamosi usiku hotelini, mkubwa fulani anagonga mlango wa Piastri na kumwambia, kwa upole kabisa, kesho tusaidie.

Kwa hivyo swali langu ni hili: tumaini la mtu hufa saa ngapi, na nani ana haki ya kutangaza kwamba limekufa?

Msimu mzima McLaren wameimba wimbo mmoja, kwamba madereva wao wawili ni sawa na wako huru kushindana, bora wasigongane. Ni msimamo mzuri na mimi niliupenda. Kisha Septemba ikaja Monza, kule Italia. Norris alikuwa mbele ya Piastri. Timu ikamwita Piastri kwanza kubadilisha tairi, halafu Norris, na gurudumu moja la Norris likawasumbua mafundi. Akatoka akiwa nyuma ya mwenzake. Redio ikamtaka Piastri amrudishie nafasi. Piastri akajibu kwamba walikuwa wamekubaliana kuchelewa wakati wa kubadilisha tairi ni sehemu ya mbio, kwa hivyo haelewi ni nini kimebadilika, lakini kama kweli wanataka, atafanya. Akafanya. Wakati huo yeye ndiye alikuwa anaongoza ubingwa, tena kwa mbali, kwa hivyo watu wengi waliona ni kitu kidogo. Leo pengo kati yake na Norris ni 16. Bila ule mpisho lingekuwa 10. Sisemi angekuwa bingwa. Nasema kitu kilichotolewa siku ya shibe huhesabiwa siku ya njaa.

Monza hiyo hiyo, mwaka 1956, kulitokea kisa ambacho wapenzi wa mbio husimulia kama hadithi ya mtakatifu. Zilikuwa mbio za mwisho za msimu. Juan Manuel Fangio wa Argentina, dereva wa Ferrari, alikuwa anaongoza kwa pointi, kisha gari lake likaharibika usukani. Enzi hizo sheria iliruhusu dereva kuchukua gari la mwenzake na kugawana naye pointi. Luigi Musso aliposimama kubadilisha tairi, wakubwa wakatarajia ashuke. Akakataa. Hakushuka, akaondoka zake. Baadaye akasimama Peter Collins, Mwingereza wa miaka 24, ambaye naye bado alikuwa na nafasi ya kuwa bingwa siku hiyo. Collins akashuka, akampa Fangio gari. Fangio akamaliza wa pili na kutwaa taji lake la nne.

Maelezo yanayorudiwa tangu siku hiyo ni kwamba Collins aliona yeye bado kijana, muda upo, taji litakuja. Halikuja. Alifariki Agosti 1958 baada ya ajali Nürburgring, Ujerumani, akiwa na miaka 26. Musso, yule aliyekataa, alikuwa ametangulia mwezi mmoja kabla, kwenye ajali Ufaransa. Kwa hivyo ukitafuta funzo la nani alibarikiwa kwa kutoa na nani alilaaniwa kwa kunyima, hakuna. Wote wawili walikufa vijana, ndani ya Ferrari, wakitafuta kitu kilekile.

Mimi Musso simlaumu, na najua hapa nitapoteza wasomaji. Alikuwa Mwitaliano, Monza, mbele ya watu wake, na baadaye siku hiyo alifika hadi mbele kabisa kabla gari kumharibikia mizunguko michache tu kutoka mwisho. Kitu alichoombwa hakikuwa cha ziada. Na kukataa kwake ndiko kunakofanya kitendo cha Collins kiwe na maana. Kama Musso hangeweza kusema hapana, basi Collins hakusema ndiyo. Angekuwa ametii tu.

Kiswahili kinajua hili kuliko vitabu vya falsafa nilivyosoma kabla ya kuacha campo. Tuna kujitolea, na tuna kutolewa. Kwenye neno la kwanza mtendaji na kinachotolewa ni mtu mmoja, na hiyo "ji" ndogo ndiyo mlango wa kuingilia na kutokea. Iondoe, na mtu amekuwa sadaka. Mbuzi wa sadaka hutolewa. Sijawahi kusikia mbuzi aliyejitolea, ingawa nimesikia watu wakisimulia sherehe kana kwamba mbuzi mwenyewe alikuwa kwenye kamati.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Baba alikuwa amepoteza kazi, dada yangu alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na fee iliyokuwepo ilikuwa ya mtu mmoja. Kulikuwa na kikao. Ankoo akaongea kwa niaba ya wote: wewe ni kifungua mimba, na uko na kichwa, utajisaidia. Mathe alikuwa anaangalia sakafu. Nikasema sawa, kwa sababu hiyo ndiyo sentensi iliyokuwa imebaki. Mwaka jana dada alihitimu, tukafanya sherehe ocha, na MC akatangaza kwa maikrofoni kwamba kaka mtu alijitolea ili dada afike hapa. Watu wakapiga makofi. Nikapiga pia, si ni siku ya dada.

Sijutii yeye kusoma. Ni muuguzi mzuri, anafanya zamu za usiku ambazo mimi singeziweza. Kinachonikera ni kidogo na hakina fidia: nadhani wangeniuliza, ningekubali. Ningesema ndiyo na ingekuwa yangu hadi leo. Hawakuchukua chuo tu, walichukua na ile ndiyo. Na yeye, bila kosa lolote, alibebeshwa deni ambalo hakukopa. Siku moja aliniambia hivyo, tukiosha vyombo: mimi sikukuomba. Ni kweli, hakuomba.

Huyo mpokeaji ndiye tunayemsahau. Mwaka 2002, Austria, Ferrari walimwamuru Rubens Barrichello amwachie Michael Schumacher ushindi, akampisha karibu na mstari wa mwisho. Umati ukazomea. Schumacher akamsukuma Barrichello apande ngazi ya juu, yeye akasimama ya mshindi wa pili, kana kwamba ngazi ilikuwa inamchoma miguu. Baada ya fedheha hiyo amri za timu zikapigwa marufuku, na mwaka 2011 zikaruhusiwa tena kwa sababu kila mtu alikuwa akizitoa kwa mafumbo. Mwaka 2010 kule Ujerumani, Felipe Massa akiwa anaongoza, Ferrari walimwarifu kwa redio kwamba Fernando Alonso ana kasi kuliko yeye. Hakuna aliyemwambia ampishe. Alielewa, akampisha. Familia zetu zinajua sana hiyo lugha. Hakuna anayekuamuru, unaarifiwa tu hali ilivyo.

Najua jibu la wale wa upande mwingine na si la kijinga. Gari si la Piastri. Limejengwa na mamia ya watu ambao hawatasimama kwenye jukwaa, wanaolala kiwandani ili yeye afike kwenye kona sekunde kidogo mapema. Wakilipoteza taji kwa sababu madereva wao wawili walinyang'anyana huku Verstappen akipita, basi ubinafsi wa mmoja umewaibia wengi. Tena huyu ni kijana wa miaka 24 anayelipwa mamilioni ya dola, usinililie tajiri. Haya. Lakini mshahara hununua kazi ya mtu, na kazi yake waliyomwajiri kufanya ni kuendesha kwa kasi. Na hao mamia walimjengea yeye pia gari, si Norris peke yake, wakiambiwa msimu mzima kwamba wawili hawa ni sawa. Huwezi kuhubiri usawa wakati haukugharimu chochote, halafu wiki ya mwisho, bei ikishajulikana, ukagundua kwamba kumbe mmoja alikuwa sawa zaidi. Kama nyumba ina mtoto wake wa kusomeshwa, iseme Januari.

Kuna msaada ambao haunisumbui. Abu Dhabi hapo hapo, mwaka 2021, Verstappen na Lewis Hamilton walifika mbio za mwisho wakiwa na pointi sawa kabisa, 369.5 kila mmoja. Sergio Pérez, mwenzake Verstappen, alimzuia Hamilton kwa karibu mizunguko miwili, akipigana kona kwa kona, ili Verstappen aliyekuwa nyuma asogee. (Yaliyotokea mwishoni, ile gari ya usalama na uamuzi wa msimamizi wa mbio, ni ugomvi wa siku nyingine na sitaufungua hapa, bado kuna watu hawajaongea na marafiki zao tangu siku hiyo.) Pérez hakuwa na taji la kupoteza. Alitoa jasho, alitoa tairi zake, na alikuwa huru kufurahia. Kumwomba mtu wa namna hiyo ni kuomba nguvu. Kumwomba Piastri leo ni kuomba kitu kingine, kwa sababu ametajwa kwenye ile hesabu ya watatu.

Kwa hivyo msimamo wangu, kabla ya Jumapili. McLaren wana haki ya kuuliza. Hawana haki ya kuuliza kwa namna ambayo jibu ni moja tu. Wakiuliza, wamwambie bei waziwazi, kwamba tunakuomba taji lako, si "msaada mdogo". Akikataa, mwaka ujao apewe gari lilelile na fundi walewale, bila kununiwa. Hayo yakiwepo, nitamshangilia akimpisha Norris hata mzunguko wa tano. Yasipokuwepo, natamani awe Musso na afunge masikio.

Na kusema kweli sidhani itafika huko. Norris anahitaji nafasi ya tatu tu, na gari lake lina uwezo huo. Verstappen ndiye mwenye presha ndogo kuliko wote, kwa sababu mwisho wa Agosti alikuwa nyuma ya Piastri kwa pointi 104 na hakuna aliyekuwa anamtaja. Naona akishinda mbio na kukosa taji kwa kidogo sana. Lakini kona ya kwanza hapo Yas Marina huwa na mawazo yake, na magari matatu yenye njaa yatafika pale karibu kwa wakati mmoja.

Nitaangalia pale kwa kinyozi wetu, ambaye analipia DStv kwa ajili ya mpira na hutuvumilia sisi wa magari bora tusiguse rimoti. Kama Piastri atakuwa mbele ya Norris baada ya mzunguko wa 20, achana na mtangazaji kidogo, sikiliza redio yake. Sikiliza watakavyomwambia, kabla hujaangalia atafanya nini.