Mlango wa Gesti ni wa Nani?

Ndugu msomaji, wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni alipe kwanza. Swali langu ndilo hilo: ukarimu ukishauzwa, bado ni ukarimu?

Tuanze na majengo. Pale Southwark, London, ipo nyumba ya wageni ya zamani iitwayo George Inn, iliyojengwa upya baada ya moto wa mwaka 1676. Ina roshani za mbao zinazotazama uani, mahali yaliposimama magari ya farasi. Sasa njoo kwetu Chimala, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma. Gesti nyingi zina umbo la jinsi hiyohiyo, wala hatukuwaiga Waingereza: ua katikati, vyumba vimeuzunguka, geti moja. Msafiri wa farasi na msafiri wa basi wana hofu moja, kuibiwa usiku. Ukuta ule unamwambia: ukishaingia humu, uko mikononi mwetu.

Sheria ya kale ya Uingereza nayo ilisema hivyo. Mwenye nyumba ya wageni hakuruhusiwa kumkataa msafiri mwenye kulipa bila sababu ya maana. Lakini mwaka 1943 Learie Constantine, mcheza kriketi mashuhuri kutoka Trinidad, alikataliwa na Imperial Hotel ya London kwa sababu ya weusi wake. Alishitaki, akashinda mwaka 1944. Sheria ilikuwepo siku zote. Kilichokosekana mlangoni ni utu.

Tusiwacheke haraka, jamani. Fikiria mama aliyeachwa na basi usiku, mtoto mgongoni, hela ya chumba hana. Sheria ile ya mwenye kulipa haimsaidii. Utaniambia: mwenye gesti naye analipa kodi na umeme, wanawe wale nini? Kweli kabisa. Kuuza kitanda si dhambi, kitanda kina gharama. Lakini je, ua? Mama yule akitandika kanga barazani, ndani ya geti, mwenye gesti kapungukiwa nini?

Kwa maoni yangu, chumba ni cha mwenye hela, ila ukuta ni wa kila aliyekutwa na usiku. Anayeuza vyote viwili ana wateja tu, wageni hana.

Wewe je, ungemfungulia?