Starehe na Kumbukumbu katika Bandari ya Kale

Kila mwaka, shule zifungwapo mwezi wa Desemba, jamaa nyingi za bara hushuka Mombasa kupumzika. Tangu reli mpya ilipoanza kuchukua abiria mwaka 2017, safari iliyokuwa ya usiku kucha imekuwa ya saa chache, na wazee ambao hawakupata kuiona bahari katika ujana wao sasa huja kuitazama pamoja na wajukuu wao. Mojawapo ya matembezi yapendwayo sana ni kupanda mashua au jahazi na kuizunguka Bandari ya Kale. Chombo hupita chini ya kuta za Fort Jesus, abiria hutazama misikiti na roshani za Mji wa Kale, kisha huingia katika mkono wa bahari wa Tudor, chini ya daraja la Nyali. Upepo ni mwanana, pengine pana muziki na chakula, na watoto hufurahi.

Twapenda kuuliza swali ambalo huenda likaonekana zito mno kwa jambo jepesi kama hili: je, ni haki kustarehe mahali ambapo watu wengi waliteswa na kuuawa? Na ikiwa ni haki, yule anayestarehe ana wajibu gani?

Swali hili si la kubuni. Mwaka 1505 majeshi ya Kireno ya Francisco de Almeida yaliupora mji wa Mombasa na kuuchoma moto. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga ngome yao. Tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698 ngome hiyo ilizingirwa na jeshi la Oman, na maradhi yakaua watu wengi kuliko silaha. Katika vita hivyo, mwaka 1697, merikebu ya Kireno iliyoitwa Santo António de Tanná ilizama mbele ya ngome. Wapiga mbizi waliichunguza tangu 1977 hadi 1980, na baadhi ya vitu vyake vimewekwa katika makumbusho ya ngome, lakini mabaki ya chombo chenyewe yangali chini ya maji. Majahazi yaliyochukua watumwa yalipita katika bahari iyo hiyo. Na kuta zipigwazo picha leo zilikuwa kuta za gereza tangu 1895 hadi 1958. Basi, ukipita hapo kwa mashua, wapita juu ya mambo mengi.

Wako wasemao kwamba mahali kama hapo hapafai kicheko. Twauheshimu moyo wao, lakini hatukubaliani nao. Lau furaha ingalikatazwa kila mahali palipomwagika damu, wanadamu wasingalipata mahali pa kuchekea. Wenyeji wa Mombasa wamevua samaki, wameoa na kuoza, wamelea watoto kando ya maji hayo kwa karne nyingi, wala hakuna aliyewashitaki kwamba wanawadharau wafu. Bahari ilikuwa kazi ya Mungu kabla ya kuwa uwanja wa vita. Baba aliyefanya kazi mwaka mzima, na mama ambaye hakupumzika hata siku moja, wanayo haki ya kuketi katika upepo wake.

Wako wengine, nao ni wengi zaidi, wasemao kinyume: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Sisi tumelipa nauli, wasema, tupeni jua na upepo, historia waachieni walimu. Methali hiyo ni njema, lakini hapa imetumiwa vibaya. Mganga atagangaje yajayo asipojua mgonjwa alipatwa na nini? Tena, haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Aliyekufa hana tena mali, wala hana sauti ya kujitetea. Kitu kimoja tu kilichobaki kuwa chake ni ukweli juu ya maisha yake na kifo chake. Mwenye kuja kustarehe mahali alipokufa mtu huyo, kisha akakataa hata kusikia habari yake, ametumia nyumba ya mwenziwe bila kubisha hodi.

Lakini hapo ndipo penye ugumu. Ukweli wa nani? Mtembeza wageni anayetazamia bakshishi aweza kujaribiwa kumpa kila abiria historia impendezayo. Akipata Wakristo, awasimulie ukatili wa Waarabu. Akipata Waislamu, awasimulie ukatili wa Wareno. Kila mmoja akashuka pwani akiwa na hakika kwamba wakosaji ni wale wengine. Na abiria, badala ya kusikitika, humpa mkono na kumwongezea fedha. Kosa ni la mtembezaji, lakini kubwa zaidi ni la anayemlipa kwa ajili ya kudanganywa.

Sisi Wakatoliki hatuna ruhusa ya kuchagua upande mmoja wa habari. Mwaka 1631 mfalme wa Mombasa, Yusuf bin Hassan, aliiteka ngome, na Wakristo wengi, Wareno na Waafrika, wakauawa kwa kuwa walikataa kuiacha imani yao. Twawakumbuka kwa heshima, na ni haki. Lakini habari haikuanzia hapo. Baba yake Yusuf aliuawa mwaka 1614 kwa hila ya Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na watawa, akabatizwa na kupewa jina la Jerónimo, kisha akarudishwa kutawala chini ya makapteni wa taifa lile lile lililomwua baba yake. Hatusemi kwamba dhuluma ya kwanza yahalalisha ya pili. Damu ya wasio na hatia haihalalishwi na lolote. Twasema tu kwamba anayesimulia mwaka 1631 na kuunyamazia mwaka 1614 amesema nusu, na nusu ya ukweli mara nyingi hufanya kazi ya uongo.

Tena, bandari hiyo yakataa kugawanywa kama tunavyopenda. Wakati wa mazingira yale makubwa, Wareno wa ngomeni walipokwisha kwa maradhi, aliyebaki kuilinda ngome ya Wakristo alikuwa Mwislamu, Bwana Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake na wanawake Waafrika. Na ng'ambo ya pili, upande wa bara, Wakristo wa Kianglikana walianzisha Freretown mwaka 1875 iwe makao ya watumwa waliokombolewa. Kengele ya hapo, ambayo jina la Kengeleni latokana nayo, ilipigwa kuwaonya watu kwamba wakamataji watumwa wanakuja. Katika maji yale yale, jina la Mungu lilitajwa na mchomaji wa mji na mwokozi wa mtumwa. Ajuaye hayo hashuki mashuani na kiburi, wala hamchukii jirani yake kwa makosa ya mababu.

Na walio hai wasisahauliwe. Wahenga walisema macho hayana pazia. Lakini adabu yaweza kuwa pazia. Mvuvi aliye katika ngalawa yake na mama aliye dirishani pake Mji wa Kale si sehemu ya maonyesho tuliyolipia. Ukitaka picha ya mtu, omba. Akikataa, shukuru hata hivyo. Na nahodha alipwe kama mlivyopatana, bila kumtesa kwa maneno hadi akubali chini ya haki yake.

Wazazi wapenzi, twawashauri hivi. Nendeni, mkafurahi, wala msiwaharibie watoto siku yao kwa hotuba ndefu. Lakini kabla ya kupanda mashua, au usiku wake wakati wa chakula, waelezeni mambo mawili matatu kwa kweli, pamoja na yale yasiyotupendeza sisi. Mtoto akiuliza, "Baba, waliokuwa wabaya ni akina nani?" msiwe wepesi kumtajia kabila au dini. Mwambieni majina ya watu na mambo waliyoyatenda, kisha mwulizeni yeye angalifanya nini kama angalikuwa mahali pao. Swali hilo laweza kumfaa maishani kuliko picha zote atakazorudi nazo nyumbani.