UZEE AU MARADHI?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Limeletwa katika darasa letu suala ambalo twaona si la nyumba moja tu. Mzee wetu mmoja wa pwani, aliyekwisha pita miaka 70, alikwenda Nairobi kwa mwanawe anayekaa Kangemi. Jamaa walikuwa wamemwona akisahau: mara huuliza khabari aliyokwisha jibiwa, mara hutatizwa na idadi ya rakaa. Akapelekwa katika hospitali moja upande wa magharibi wa mji ule, akapigwa picha ya ubongo kwa mtambo wa MRI. Karatasi ikarudi imeandikwa ya kuwa ubongoni mna mabaka meupe.

Ijumaa, baada ya sala katika Msikiti wa Jamia, jamaa wakakaa kushauriana. Wa kwanza akasema: "Huu ni uzee tu, mwacheni baba apumzike." Wa pili akasema: "Haya ni maradhi, na akili yake imekwisha. Asiambiwe, na mali yake tuishike sisi." Wa tatu akasema: "Amefanyiwa. Na arudi pwani atazamiwe." Wakatuuliza: ipi iliyo haki?

Kabla ya kuhukumu yatupasa kukijua kitu chenyewe. Ndani ya ubongo mna sehemu nyeupe, nayo ni nyuzi zinazopeleka khabari kutoka pahala mpaka pahala. Nyuzi hizo hulishwa na mishipa ya damu iliyo myembamba mno. Mishipa hiyo ikikakamaa kwa umri, kwa presha, kwa kisukari au kwa tumbaku, nyuzi hupungukiwa na damu zikadhurika, na palipodhurika hung'ara katika picha. Mwaka 1987 Hachinski wa Canada na wenziwe waliyapa mabaka hayo jina la kitabibu, na mwaka huo huo Fazekas wa Austria na wenziwe wakayawekea madaraja, tangu 0 mpaka 3. Basi baka si neno moja: yako machache kama vitone, na yako yaliyoungamana.

Tena wataalamu wa Rotterdam, Uholanzi, waliwapiga picha watu 1,077 wa miaka 60 mpaka 90, na waliokuwa hawana baka lo lote ni 5 tu katika kila 100. Aliyesikia haya atasema: kumbe ni uzee! Lakini mwaka 2010 Debette na Markus walikusanya uchunguzi wa watu wengi, wakaona ya kuwa wenye mabaka khatari yao ya kupatwa na kiharusi ni kama mara tatu ya wengine, na khatari ya maradhi ya usahaulifu ni kama mara mbili. Aliyesikia haya naye atasema: kumbe ni maradhi!

Hapa ndipo lilipo fundo la suala. Mabedui walipomwuliza Mtume wetu (s.a.w.) juu ya kujitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawafahamisha ya kuwa kila maradhi yana dawa isipokuwa uzee. Mtu mvivu huishika sehemu ya mwisho ya maneno hayo, akaiacha ya kwanza. Sisi twaona ya kuwa mabaka haya yamechanganya mambo mawili. Mwaka 2019 ilitangazwa Marekani khabari ya watu wenye presha waliogawanywa mafungu mawili: fungu moja liliteremshiwa presha mpaka chini ya 120, na la pili mpaka chini ya 140. Mabaka yaliongezeka kwa wote, lakini katika fungu la kwanza yaliongezeka kwa uchache kuliko la pili. Basi iko sehemu tusiyoiweza, hiyo ni ya kusubiri. Na iko sehemu iliyo mikononi mwetu, na hiyo tutaulizwa.

Kwa hiyo yule wa kwanza amesema nusu ya haki. Uzee upo, lakini je, presha ya baba imepimwa? Katika uchunguzi wa Kenya wa mwaka 2015, karibu robo ya watu wazima walikuwa na presha, na 56 katika kila 100 hawajapimwa kamwe. Nasi watu wa pwani twajijua kwa papa na ng'onda wa chumvi, kwa achari, na kwa sigara za barazani. Mwili ni amana. Kupima presha hakuhitaji safari ya Nairobi. Na kiasi cha kuiteremsha kwa mtu mzima aachiwe daktari, kwani kuiteremsha kupita kiasi nako huangusha.

Wa pili amekosea zaidi. Baka katika picha si shahidi wa kupotea akili. Akili ya mtu hujulikana kwa maneno yake na vitendo vyake. Kumzuilia mtu mali yake pasi na thibitisho ni dhuluma, hata akiwa mzuiliaji ni mwanawe. Na kumficha ni kumnyima wakati: huenda ana deni la kulipa, wasia wa kuandika, au mtu wa kumtaka radhi, naye angali aweza.

Ama wa tatu, twamwambia: ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu. Mpiga ramli atamtaja jirani, na nyumba mbili zitahasimiana, na vidonge vya presha vitaachwa dirishani. Huko ni kuongeza dhambi juu ya maradhi.

Na ikiwa baba atazidi kusahau, Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Sura ya An-Nahl ya kuwa wako wanaorudishwa kwenye umri dhaifu, hata wasijue walichokuwa wakikijua. Na katika Sura ya Al-Israa ametukataza hata kuwagunia wazee wetu. Haki hiyo haipungui, liwe jina la hali yake ni uzee au maradhi.

Tumepata khabari ya kuwa mzee wetu ameelezwa, kwa upole. Neno lake la kwanza lilikuwa kutaka aletewe daftari lake la madeni.

Mwenyezi Mungu atupe sisi na nyinyi tawfiki. Amin.